Theluthi ya Baba Mdogo

Oili ya injini iliyochanganyika na maji ya chumvi haina rangi ya oili tena. Inakuwa nzito, ya kijivu inayoelekea weupe, kama maziwa yaliyoganda yakasahaulika chunguni, na inanuka. Haifanani hata kidogo na harufu ya gereji, ambayo nimezaliwa nayo na naipenda mpaka leo, ile ya petroli, mpira, moshi na sabuni ya unga ya kunawia mikono. Hii nyingine ni harufu ya chuma kinachooza. Niliivuta kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitano, nimepiga magoti kwenye tope la mikoko na kanga yangu imelowa mpaka kiunoni, na nilitapika pale pale mbele ya watu wazima. Watu huniuliza kwa nini mwanamke mwenye gereji yake hapa Kibiti, anayetengeneza kila kitu kuanzia pikipiki hadi lori, anakataa injini za maboti. Huwa najibu kwamba nafasi ni ndogo. Nafasi ipo. Ni kinyaa tu, na kilianza msimu ule mmoja wa masika.

Baba yetu alikuwa fundi, na alikuwa na gari ambalo hakuna mtu wa Kibiti aliyewahi kuona la pili lake. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la kijani, milango miwili, fupi na la chini kiasi kwamba mbuzi akisimama mbele yake hulioni. Watoto waliliita kobe. Lililetwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi ya barabara, mtu aliyependa mwendo katika nchi ya mchanga. Siku moja alilikimbiza kutoka Nyamwage wakati lami bado haijafika, injini ikachemka, naye badala ya kusimama akaendelea kukanyaga mafuta mpaka pistoni ikavunjika vipande. Lilivutwa kwa trekta hadi uani kwetu. Mhandisi alipoambiwa kwamba vipuri vyake havipatikani nchi hii, alimwandikia baba karatasi ya kumpa gari lote, akaaga, akaondoka. Kila fundi aliyepita alimshauri baba atoe ile injini iliyokufa apachike ya gari dogo la Kijapani, amalize kazi kwa wiki moja. Baba alikuwa akiwaonyesha kadi ya gari, mahali ilipoandikwa namba ya injini, kisha anawaonyesha namba hiyo hiyo iliyogongwa kwenye chuma. "Sitaki kuendesha kadi ya uongo," alikuwa akisema, nao walikuwa wakicheka.

Ilimchukua miaka mitatu. Alipeleka silinda Dar es Salaam kwa lori la korosho zikachongwe upya. Ringi na pistoni alizipata kwa mtu aliyesafiri nje, na gasketi iliyokosekana aliikata mwenyewe kwa mkasi wa mama wa kushonea, jambo ambalo mama hakulisamehe upesi. Mama alipofariki, nikiwa kidato cha kwanza, niliacha shule nikabaki nyumbani na wadogo zangu wawili, Zuhura aliyekuwa na miaka tisa na Tatu aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kutembea vizuri. Bibi, mama yake mama, alihamia kwetu kutulea. Mimi nilikuwa nikimaliza kupika nakwenda uani kwa baba. Nilisafisha kila nati ya injini ile kwa petroli na mswaki. Nilijua kila bolti inaingia wapi na inakazwa kwa nguvu kiasi gani. Baba hakuniambia kwamba ananifundisha kazi. Alinipa spana tu, nami nikaelewa. Siku ya Idi, injini ilipowaka na kunguruma sawasawa, alitupakia wote kama magunia tukaenda hadi kwenye daraja la Rufiji na kurudi. Miezi minne baadaye, naye akafa. Homa ya siku tano tu.

Baada ya arobaini ndipo alipokuja baba mdogo Kassimu, mdogo wake baba, kutoka visiwani huko delta alikokuwa na mashua ya kubebea boriti za mikoko. Alikuja na unga, sukari na kilio kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Alikuja pia na mipango. Sisi tukiwa watatu wote wa kike, alisema, nyumba isiyo na mwanamume haiwezi kusimama. Zuhura angekwenda kwa binamu yake mmoja Nyamwage. Tatu angemchukua yeye delta, akakue na kuwabeba watoto wake mgongoni. Mimi, kulikuwa na mfanyabiashara wa nguzo, mtu wa heshima, ana mke mmoja tu. Aliyasema hayo akiwa anakula wali wetu, anatafuna, punje zimemganda kidevuni. Nilimtazama mdomo na nikashindwa kumeza wangu.

Yalipofika mambo ya mirathi aliitwa sheikh wa mtaa, mzee mpole aliyekuwa akimjua baba tangu ujana. Tulikaa kwenye jamvi sebuleni. Sheikh alieleza kwamba mabinti wakiwa watatu na hakuna mtoto wa kiume, theluthi mbili ni zao, na kinachobaki ni cha ndugu wa marehemu. Akataja mali yenyewe, nayo ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, shamba dogo la mikorosho upande wa Ngorongo, vifaa vya kazi na gari. Tulitegemea baba mdogo ataomba mikorosho. Akajifuta mikono kwenye shuka.

"Sitaki chumba, sheikh. Mikorosho waachieni watoto. Mimi nipeni injini."

"Injini ipi?" sheikh akauliza.

"Ya gari. Niifunge kwenye mashua."

"Na gari je?"

"Gari ni lao. Nani kasema nawanyima gari?"

Mtu mmoja mlangoni aliguna kwa kicheko. Bibi, ambaye siku zote tulimdhania hasikii vizuri, alisikia vizuri sana siku hiyo. "We Kassimu," alisema, "kaka yako angewaachia wanawe mbuzi, ungeomba upewe maini, halafu useme mbuzi nimewaachia?" Watu wakacheka waziwazi, naye baba mdogo akacheka nao, maana hakuwa mtu wa kuona haya. Sheikh alinitazama. Nilikuwa nimebaleghe, nilikuwa mkubwa, na alisema warithi wakiridhiana wenyewe kwa wenyewe, sheria haiwazuii.

Nilijua thamani ya kitu alichokiomba. Nilijua pia kwamba yule mtu hakuwa ameona namba wala kadi wala miaka mitatu. Aliona chuma kinachozunguka. Lakini Tatu alikuwa amelala mapajani mwangu wakati ule, na mguu wake mmoja ulikuwa umeninasa kanga kwa vidole kama kawaida yake. Nikasema, "Baba mdogo, injini chukua. Ila useme hapa, mbele ya sheikh, kwamba hatutawanyiki. Zuhura haendi popote, Tatu haendi popote, na mimi siolewi mpaka nitake. Tutakaa humu na bibi." Akasema, "Haya, nimesema." Sheikh akamwambia aseme yote, neno kwa neno, akayasema. Kisha tukainua mikono tukasoma Fatiha, na kwetu jambo likisomewa Fatiha limefungwa.

Kesho yake alirudi na vijana wanne wenye nyundo, panga na mtaimbo. Mmoja tayari alikuwa ameshika bomba la maji ya rejeta anataka kulikata kwa panga. Nilimwambia aweke chini. "Mikono yenu iondoeni. Nitaifungua mwenyewe."

"Ehe! Fundi kavaa kanga," yule mwenye panga alisema. "Dada, na kufunga ndoa utajifunga mwenyewe?"

"Nikikuona wewe ndiye bwana harusi, nitajifungia ndani," nilimjibu, na wenzake wakamzomea mpaka akakaa.

Nilitumia siku mbili. Niliweka bolti kwenye makopo ya maziwa kwa mpangilio, kila kopo na sehemu yake, ingawa nilijua kule zinakokwenda makopo yatamwagwa. Walisimamisha nguzo tatu, wakafunga mnyororo, wakavuta. Injini ilipopanda, pua ya gari nayo ikapanda taratibu, springi zikalia, na gari likabaki limeinua uso kama mtu aliyeulizwa jambo asilolielewa. Zuhura alilia. Mimi sikulia. Nilimweleza baba mdogo, pole pole, jambo moja tu. "Injini hii hupozwa na maji, na maji yake yawe matamu. Ifungie rejeta, au weka pipa la maji ya kisima yazunguke humo. Ukivuta maji ya mtoni huko delta, yana chumvi, yataila kwa ndani." Alinipiga piga begani. "Mwanangu, mimi nimezaliwa majini," alisema. Wakaipakia kwenye lori la kwenda bandari ya Nyamisati, juu ya magunia ya chumvi. Juu ya chumvi! Mpaka leo sijui kama nicheke.

Masika yalikuwa yanaishia aliporudi. Safari hii hakuleta unga. Alisimama uani na kupaza sauti ili majirani wasikie: injini ilikuwa mbovu, alidhulumiwa na watoto, kaka yake alimwachia taka. Kwa kuwa alichopewa kilikuwa kibovu, Fatiha ile imeharibika, na yeye anataka haki yake upya. Nyumba igawanywe, na Tatu amchukue aondoke naye siku hiyo hiyo. Tayari alikuwa amemshika mkono. Tatu hakulia, alikuwa akinitazama mimi tu, kuona nitafanya nini. Bibi alikwenda akakaa chini mlangoni, miguu ameinyoosha, akasema atakayetoka na mtoto atamruka yeye. Nilikimbia kumwita sheikh. Akaja, akasikiliza, akasema hawezi kuamua juu ya kitu asichokiona kwa macho yake. Twendeni tukakione.

Tulipanda lori hadi Nyamisati, kisha mtumbwi kuingia ndani kwenye vijito vya mikoko, sheikh ameshika kanzu yake isilowe, baba mdogo amenuna mbele. Kwenye gati la kijiji chake injini ilikuwa imetupwa pembeni, nusu imezama topeni, juu yake kuna magamba ya samaki. Wanawake walikuwa wanaitumia kuparia. Utumbo ulikuwa umening'inia mahali palipokuwa na kabureta na nzi wamejaa. Nilikuwa nimebeba spana za baba kwenye kikapu. Mabaharia wa mashua walikuja kusimama, wanatafuna miwa, wanasubiri kuona kichekesho.

Nilifungua tundu la oili kwanza, na ule uji wa kijivu ukatoka ukanimwagikia viganjani, na ndipo nilipotapika. Mmoja akasema, "Basi fundi ana mimba." Hakucheka mtu, kwa sababu sheikh alikuwa amegeuka kumtazama. Nilinawa kwa maji ya kijito, nikaendelea. Hedi, ule mfuniko wa juu ya silinda, ilikuwa imegandana, nikaigonga kwa ubao kidogo kidogo mpaka ikaachia. Ndani, kutu ilikuwa imepanda kwenye kuta zile ambazo baba alikuwa akizipapasa kwa kidole kuona kama zimelainika. Gasketi ilikuwa imelika. Vijia vya maji, vile vinavyozunguka silinda, vilikuwa vimeziba kabisa kwa kitu cheupe kilichoganda pamoja na tope, na ndani ya kijia kimoja alikuwa amefia kaa mdogo. Nilichukua bisibisi nikakwangua kile cheupe, nikakiweka kwenye kiganja changu, nikamnyooshea baba mdogo.

"Onja."

"Nionje nini? Una wazimu?"

"Umesema injini ilikuwa mbovu. Onja basi, utuambie ubovu wake."

Akageuza uso. Kiganja kilibaki kimenyooka, kwa sababu nilijua nikishindwa pale, Tatu angeletwa huku kwa mtumbwi ule ule tuliokuja nao. Sheikh akasogea. Akasema bismillahi, akachovya ncha ya kidole, akaweka ulimini, akatema pembeni. "Chumvi," alisema. Kisha akawageukia mabaharia na kuwauliza mashua ilikuwa ikivuta maji ya wapi. Mzee mmoja wao akasema, "Sheikh, tulimwambia aweke pipa. Alisema pipa litachukua nafasi ya boriti tatu."

Sheikh hakupandisha sauti. "Kassimu, ulipokea kitu kizima, ukaambiwa namna ya kukitunza, ukakiua mwenyewe. Fatiha iko pale pale." Na hapo baba mdogo, akiwa amefedheheka mbele ya watu wake, akafanya jambo ambalo nilikaa miaka bila kulielewa kama lilikuwa hasira au ujanja. Akakipiga teke kile chuma. "Basi irudisheni! Chukueni injini yenu, mimi sitaki kitu cha marehemu!"

Nitasema ukweli: nilitaka. Silinda zingechongwa tena. Hedi ingepatikana. Nilikuwa na makopo yangu ya maziwa kichwani, kila bolti na mahali pake. Mtumbwi ulikuwa pale, na wanaume wa kuinua walikuwepo. Nilikuwa nimeshaweka mkono juu ya chuma, kwenye ile namba, nikaipangusa magamba, bado ilisomeka. Kisha nikaelewa. Nikiichukua, dai lake la theluthi linafunguka upya. Tutakaa tena kwenye jamvi, ataomba tena, na safari hii hataomba chuma. Niliutoa mkono. "Hapana, baba mdogo," nilisema. "Hiyo ni yako." Nikakusanya spana zangu, nikaiacha injini wazi hivyo hivyo, mdomo juu, maji ya kijito yanaanza kupanda. Nilisugua mikono kwa mchanga njia nzima na bado nilipofika nyumbani Zuhura aliniambia nanuka.

Miaka miwili baadaye, gari dogo la Kijapani lilipinduka barabara kuu, mwenyewe akaniuzia injini. Nilikata vishikio, nikachomelea vingine, nikaipachika kwenye gari la baba. Haikukaa vizuri mpaka mara ya tatu. Halafu nilikwenda ofisini, nikapanga foleni, nikabadilisha namba kwenye kadi. Karani aliniuliza kwa nini najisumbua wakati hakuna anayekagua. Nikamsogezea kadi agonge muhuri. Zuhura sasa ni muuguzi. Tatu anafundisha hisabati, na ana watoto wake mwenyewe wa kubeba mgongoni. Bibi alikufa sote tukiwa chini ya paa lile.

Siku hizi wanakuja watu kutoka Dar es Salaam wanaopenda magari ya zamani. Wamesikia kuna kitu cha kijani Kibiti. Wanakuja wamevaa miwani ya jua, wanazunguka, wanapapasa, wanapiga picha, wanafungua boneti, na hapo nyuso zao hukunjamana. Mmoja alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga kinyesi. "Nani alifanya uchafu huu?" aliuliza. "Mwenye kuiondoa injini ya asili kwenye gari kama hili anastahili kufungwa." Nilimwambia ni mimi. Akafikiri nafanya mzaha. Yeye alikuwa na uchungu wa chuma, na alikuwa nao kwa saa nzima, akinihutubia juu ya thamani niliyoitupa, mpaka nikamwona kama nilivyomwona mtu mwingine zamani anayetafuna wali. Zamani nilidhani ni umaskini unaofanya watu waangalie nyumba ya watoto na kuona injini tu. Sasa nimewaona wenye miwani na viatu vizuri, na macho yao ni yale yale.

Siku hiyo baba mdogo alikuwa kibarazani. Ndiyo, anaishi kwetu. Mashua ilikwisha, wanawe wametawanyika wanakojua, macho hayaoni vizuri, na miaka minne iliyopita aliletwa na mtu kwa bodaboda, akashushwa na mfuko mmoja. Nilimpa chumba kile ambacho alisema hakitaki. Simpendi. Napika chakula chake, namfulia mashuka yake, nampeleka hospitali, na akitafuna nageuza uso. Nilidhani kinyaa kingeisha kwa kuwa nimekuwa mkubwa. Hakijaisha, wala sikingoji kiishe ndipo nimpe chakula. Alipomsikia mgeni anazungumzia injini, akajikohoza kule kwenye kiti chake. "Ile?" alisema. "Ile ilikuwa mbovu."

Huwa anasema hivyo kwa kila mgeni, na kila mara, mbele ya mgeni yeyote yule, namsahihisha. "Haikuwa mbovu, baba mdogo. Uliinywesha chumvi." Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Nikamwacha mgeni na boneti yake, nikaenda kumshika baba mdogo mkono, maana hawezi tena kufika bombani peke yake, nikammiminia maji akatawadha.